Taa Asiyoiona Dereva



Leo nataka tuzungumze juu ya globu za taa za breki, na jinsi mwenye gari anavyoweza kuzibadilisha mwenyewe uani kwake, bila kungoja siku ya kupeleka gari gereji na bila kungoja asimamishwe na askari wa usalama barabarani. Kazi yenyewe ni ndogo, nusu saa inatosha. Hata hivyo inaahirishwa na watu makini kabisa, watu ambao hawapati usingizi tairi likipungua upepo, na sababu ni moja: taa ya breki ikifa haimsumbui mwenye gari.

Taa nyingine zinajisemea. Taa kubwa ya mbele ikiungua, usiku unaona barabara imepungua upande mmoja. Indiketa ikiungua, ule mlio wa ndani unaanza kwenda mbio kuliko kawaida. Taa ya breki iko nyuma, inawaka mguu unapokanyaga pedeli, na wakati huo macho ya dereva yanatazama mbele. Magari mapya kadhaa yana alama ya kuonya kwenye dashibodi, lakini mengi tunayoendesha, yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, hayana. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kutoka Mbagala hadi Posta na kurudi mwezi mzima, huku nyuma yake pakiwa giza kila anapofunga breki. Anayejua ni yule anayemfuata, na huyo ni nadra kupata nafasi ya kumwambia.

Tuitazame hali hiyo barabarani, msikilizaji, mahali inapouma. Umetoka Chalinze unaelekea Morogoro. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, maana yake linapita mita 22 kila sekunde moja. Mbele kuna kijiji, na pembeni kibao cha 50. Wewe unakijua kibao kile, unajua pia kwamba mbele yake huenda askari amesimama na tochi ya kupima mwendo, basi unakanyaga breki kwa nguvu kidogo ili ufike pale ukiwa umeshapunguza. Hujakosea kitu. Lakini aliye nyuma yako ni dereva wa basi, na yeye hajakiona kibao kwa sababu wewe umemziba. Anachokitegemea ni taa zako. Zikiwaka, anapunguza pamoja nawe. Zisipowaka, itabidi agundue kwa macho kwamba gari la mbele linazidi kuwa kubwa, na jicho la binadamu ni zito sana katika kupima jambo hilo. Akichelewa sekunde moja tu, ameshakula mita 22, karibu urefu wa mabasi mawili, kabla mguu wake haujagusa pedeli.

Ndiyo maana nasema taa ya breki unaibeba wewe, lakini mwenyewe hasa ni aliye nyuma yako. Unainunua, unaifunga, unaitunza, na anayeitumia ni mtu usiyemjua jina.

Kuna habari ya kweli inayoonyesha uzito wa taa hii, nayo ilitokea Marekani. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alifanya jaribio katika mji wa San Francisco. Alichukua teksi zaidi ya 300 akazifunga taa ya ziada katikati ya sehemu ya nyuma, taa iliyompa ishara anayefuata kila teksi ilipopunguza mwendo. Teksi nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa ili apate kulinganisha. Baada ya miezi kadhaa hesabu ilifanywa, na teksi zenye taa ile zilikuwa zimegongwa kwa nyuma mara chache zaidi, pungufu kwa zaidi ya nusu. Majaribio mengine yakafuata, na hatimaye serikali ya Marekani ikaagiza kwamba magari madogo yote mapya, kuanzia modeli ya 1986, yawe na taa ya tatu ya breki katikati, juu ya zile mbili za pembeni. Ulaya nayo ikafuata miaka ya tisini. Ile taa unayoiona kwenye kioo cha nyuma cha Vitz au Corolla imetokana na safari hiyo.

Baadaye, mwaka 1998, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipitia takwimu za miaka mingi ikaona kwamba taa ya tatu inapunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Imeshuka sana ukilinganisha na jaribio la teksi, huenda kwa sababu madereva waliizoea. Lakini kwa nchi yenye mamilioni ya magari, asilimia nne ni watu wengi waliofika nyumbani salama kwa sababu ya globu moja ndogo. Na hapo tunazungumzia gari ambalo taa zake mbili za pembeni tayari zinafanya kazi. Gari ambalo hata hizo mbili hazifanyi kazi liko katika hali mbaya kuliko gari lolote lililohesabiwa katika utafiti ule.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza unajuaje kama taa imekufa?

Njia rahisi ni mtu wa pili. Mwite mtoto, mwite jirani, asimame nyuma ya gari, wewe ukanyage. Mwambie akutajie taa moja moja: ya kushoto, ya kulia, ya katikati. Usikubali jibu la "zinawaka", maana mbili zikiwaka atasema zinawaka. Kama huna mtu, ngoja giza liingie, rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga pedeli na utazame kwenye vioo. Wekundu utauona ukutani, na upande uliokufa utaona pengo. Wengine hukata mti wa ufagio wakaubana kati ya kiti na pedeli, kisha wakashuka kwenda kutazama wenyewe. Ukiwa kwenye foleni pia unaweza kuona taa zako kwenye bampa linalong'aa la gari lililo nyuma. Magari mengi huwasha taa za breki hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo huna haja ya kuwasha injini.

Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa. Idadi ya taa zilizokufa inakueleza ugonjwa. Moja ikiwa imekufa na nyingine zinawaka, karibu kila mara ni globu. Zote tatu zikiwa zimekufa kwa pamoja, usikimbilie kununua globu. Ni nadra globu tatu kuungua siku moja. Tazama fyuzi kwanza. Kisanduku cha fyuzi kwa kawaida kiko chini ya dashibodi upande wa dereva au karibu na injini, na kwenye kifuniko chake kuna maandishi. Tafuta palipoandikwa STOP. Mara nyingi ni fyuzi ya ampea 10 au 15. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ileile. Nasisitiza namba ileile. Kuweka karatasi ya sigara, kipande cha waya au fyuzi ya namba kubwa ili "isikatike tena" ni kuuruhusu moto upite kwenye nyaya, na gari linaweza kuungua likiwa barabarani. Fyuzi mpya ikikatika palepale, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na hapo ni kazi ya fundi umeme.

Fyuzi ikiwa nzima na taa zote bado zimekufa, mtuhumiwa anayefuata ni swichi ya breki. Ni kitu kidogo kilichofungwa juu ya pedeli, chenye kipini kinachochomoza pale pedeli inaposhuka. Gari la otomatiki lina njia ya kukudokeza: magari mengi ya namna hiyo hayaruhusu gia itoke kwenye P mpaka yapate ishara kwamba breki imekanyagwa, na ishara hiyo inatoka kwenye swichi hii hii. Kwa hiyo asubuhi moja ukikanyaga breki na gia ikagoma kutoka P, kabla hujalaumu gia boksi, nenda nyuma ukatazame taa za breki.

Kuna pia ugonjwa wa kinyume: taa zinawaka na hazizimi, hata gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi unakuta betri imekufa. Inama utazame kapeti chini ya pedeli. Ukikuta vipande vya plastiki vilivyovunjika, umepata jibu. Juu ya pedeli kuna kitundu kilichozibwa na kifuniko kidogo cha plastiki au raba, nacho ndicho kinachosukuma kipini cha swichi. Kwa joto na umri kinakauka na kupasuka, kipini kinapita tundu, na gari linadhani breki imekanyagwa muda wote. Kifaa hicho ni cha bei ndogo sana, lakini wapo waliouziwa betri mpya kwa sababu yake. Na taa isiyozima ina hatari ileile ya taa isiyowaka, kwa kuwa aliye nyuma hapati tofauti yoyote unapopunguza mwendo.

Sasa tuseme umehakikisha ni globu. Usiende dukani mikono mitupu. Ifungue ile iliyoungua, ifunge kwenye kitambaa, nenda nayo. Hata Gerezani pale Kariakoo, ambako spea za kila gari zinapatikana, muuzaji akisikia "globu ya breki ya IST" anaweza kukupa inayofanana tu.

Globu nyingi za breki zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi mmoja ni wa wati 5, huo ndio taa ndogo ya nyuma inayowaka usiku. Uzi wa pili ni wa wati 21, huo ndio breki. Utaona zimeandikwa 21/5W. Tofauti ya mwanga ni kubwa kuliko tofauti ya wati: kwa globu za kawaida za namna hii, uzi wa breki hutoa takriban lumeni 440, na ule mdogo lumeni 35. Mwanga wa zaidi ya mara kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayomgutusha dereva wa nyuma usiku, pale taa iliyokuwa nyekundu hafifu inapogeuka kali.

Zipo zenye kitako cha chuma chenye vinundu viwili pembeni, na zipo zenye kitako cha kioo bapa zinazochomekwa moja kwa moja, ambazo magari ya Kijapani hutumia sana. Kwenye ile ya vinundu, chunguza jambo moja: globu ya nyuzi mbili ina kinundu kimoja kilichokaa juu kuliko kingine. Kimewekwa hivyo makusudi ili isiingie kinyume. Mtu akilazimisha kwa nguvu mpaka ikaingia, nyuzi zinabadilishana kazi. Usiku gari litatembea likiwa na mwanga wa wati 21 muda wote, na ukifunga breki unaongezeka ule uzi mdogo wa wati 5 tu. Mwanga unakuwa upo wakati wote, na breki haionekani. Ukiona globu inagoma kuingia, itoe, izungushe nusu duara, jaribu tena. Isipoingia bado, umeuziwa siyo.

Tazama pia volti. Gari dogo ni volti 12, lori ni 24. Globu ya lori kwenye gari dogo inawaka kwa unyonge, na globu ya gari dogo kwenye lori inakufa papo hapo. Wala usinunue ya wati nyingi ukidhani unaongeza usalama. Joto lake linayeyusha holda na kioo cha taa.

Wengi mtaniuliza kuhusu globu za LED. Nitasema ninavyoamini. LED nzuri ina faida moja isiyopingika: inawaka mara moja. Uzi wa globu ya kawaida lazima upate moto kwanza, na hilo linachukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita zaidi ya 4, yaani zaidi ya urefu wa Toyota IST nzima. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa mitaani kwa bei ya chini hazina ile tofauti kubwa kati ya mwanga mdogo na mwanga wa breki. Nyingine zinamulika mbele tu, wakati kioo cha taa kilitengenezwa kupokea mwanga unaotawanyika pande zote. Na ukiweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, rangi inayotoka inaelekea waridi. Ukiamua kuweka LED, nunua nyekundu, kisha simama mita thelathini nyuma ya gari mchana wa jua kali na mtu akanyage. Usipoona tofauti pale pale, rudisha globu ya kawaida. Globu ya kawaida ya wati sahihi ni bora kuliko LED mbovu, na sioni haya kusema hivyo hata wakati huu ambapo kila kitu kinakwenda LED.

Kuna mapambo mengine ambayo nayapinga waziwazi. Kupaka vioo vya taa za nyuma rangi nyeusi. Kufunga taa za breki zinazochezacheza kama za disko. Kuweka globu ya bluu au ya kijani. Rangi nyekundu nyuma ya gari ni lugha ambayo madereva wa dunia nzima wamekubaliana, na gari lako halina haki ya kuwa na lugha yake peke yake.

Kwenye kufungua, magari yanatofautiana. Mengi ya mlango wa nyuma unaoinuka, ukiufungua utaona skrubu mbili pembeni mwa taa, upande wa ndani. Unazifungua kwa bisibisi ya nyota au spana namba 8 au 10, kisha unaivuta taa nzima kurudi nyuma, ikiwa imenyooka, kwa sababu upande wa pili imechomekwa kwenye vipini vya plastiki. Usiikunje pembeni, vipini vitavunjika na taa itacheza maisha yake yote. Kwenye saluni, fungua buti, utoe kitambaa au kifuniko kidogo kilichoziba nyuma ya taa, na holda utazifikia kwa mkono. Kabla ya yote zima taa, toa ufunguo, na kama zilikuwa zinawaka ngoja zipoe. Globu iliyotoka kuwaka inababua vidole.

Holda inatoka kwa kuzungusha kidogo kuelekea kushoto. Globu ya vinundu unaibonyeza ndani, unaizungusha, inaruka. Ya kitako cha kioo unaivuta tu. Itazame kwenye mwanga: uzi uliokatika utauona, au kioo kimekuwa cheusi ndani, au kimegeuka cheupe kama maziwa kwa sababu hewa imeingia. Mpya ishike kwa kitambaa safi, iingize, na kabla hujarudisha skrubu hata moja, kanyaga pedeli uone. Wengi hufunga kila kitu ndipo wanajaribu, wakafungua tena.

Upande mmoja ukiungua, badilisha na wa pili. Zilianza kazi siku moja, zimekanyagiwa breki sawasawa, na matuta yetu yamezitikisa sawasawa. Ile iliyobaki ikiwa bado nzima, iweke ndani ya gari kama akiba.

Wakati taa iko mkononi, iangalie holda kwa makini. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote, mtuhumiwa mkubwa ni hewa ya chumvi. Inafanya kutu ya kijani kwenye vyuma vya holda, umeme unapita kwa taabu, na globu mpya kabisa inawaka kwa unyonge. Ikwangue kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Ukiona ajabu, kama vile kukanyaga breki na indiketa ikawaka, au taa ndogo kufifia kila unapofunga breki, usiulaumu mzimu: waya wa ethi umelegea au umeoza. Fuata waya huo mpaka unapofungwa kwenye bodi, usafishe, uukaze.

Na ile raba inayozunguka taa, irudishe kama ulivyoikuta. Ikikaa vibaya, masika ya kwanza yanaingiza maji ndani ya taa, na kazi unaianza upya. Kwa walio bara, huko Dodoma na Singida, adui ni vumbi. Baada ya safari ya barabara ya vumbi taa inaweza kuwa nzima kabisa na isionekane. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Sisemi kila kitu kifanyike nyumbani. Nyaya zilizoungua, fyuzi inayokatika kila ukiirudisha, taa za tela la lori, hizo mpelekee fundi umeme, na mlipe haki yake bila kumbania. Fundi mzuri wa umeme wa magari ni mtu wa kuheshimiwa. Ninachopinga ni gari kutembea na taa zilizokufa kwa sababu mwenyewe anasubiri siku ya kwenda kwa fundi, kwa kazi ambayo mikono yake mwenyewe inaiweza.

Neno moja kwa ndugu zetu wa bodaboda. Pikipiki ina swichi mbili za breki, moja kwenye mkono wa mbele na moja kwenye pedeli ya mguu. Jaribu kila moja peke yake. Ile ya mguu mara nyingi hukaa kwenye springi inayoweza kurekebishwa, na ikilegea taa inawaka ukiwa umeshasimama. Wewe huna bodi ya chuma nyuma yako. Una abiria, na mara nyingi abiria huyo ni mama na mtoto.

Na kwa wanaoshuka mteremko wa Kitonga, kumbukeni kwamba gari likipunguzwa mwendo kwa gia au kwa breki ya injini, taa za nyuma kwa kawaida haziwaki. Handibreki nayo haiwashi taa za breki. Mnapopunguza kwa gia, guseni pedeli kidogo, mara mbili tatu, ili aliye nyuma ajue. Lakini kugusa kwenu kuna faida ikiwa globu ni nzima.

Basi, ndugu msikilizaji, nakuomba jambo moja. Kesho asubuhi, kabla hujatoka, mwombe mtu asimame nyuma ya gari lako, ukanyage breki, naye akutajie taa zote tatu, moja moja. Ikikosekana hata moja, pitia dukani kabla ya kuingia barabara kuu. Na ukimfuata mtu ambaye taa zake hazifanyi kazi, mkisimama kwenye taa za barabarani au kwenye kituo cha mafuta, teremsha kioo umwambie kwa adabu: ndugu yangu, taa yako ya breki ya kushoto haiwaki. Huenda mwenyewe hajui.